Shokomzoba za Pijo Lako

Kaka Hamisi,

Mola akuangazie kaburi lako. Nakuandikia kwa kuwa aliyekuua nimemjua, na leo ameaibika mbele ya Mingoyo nzima.

Ni Sefu. Sefu huyu huyu mliyekuwa naye gereji moja, mkila sahani moja. Siku ya msiba alibeba jeneza lako, akawaambia watu, "Mwendo umemuua. Nilimwonya." Mama akaamini. Tangu hapo, hapa kijijini tulikohamishiwa, kila anayekutaja humalizia na mwendo wako, kama vile ulijiua mwenyewe.

Wewe, kaka? Wewe uliyenifundisha, "Gari la barabarani libembeleze, la mashindano libane"? Ulitoa springi laini za kubebea abiria, ukafunga ngumu, ukaishusha pua ya gari lako, Pijo, ukanikalisha juu ya boneti nidunde tuone litatulia upesi kiasi gani. Shokomzoba mpya, za kulizuia gari lisidunde, zilikuwa hazipatikani hata Dar. Zako zilipofika kwa taabu, boliti zikakataa kuingia kwenye matundu ya kufungia. Ukayapanua kwa tupa, mimi nimezishikilia.

Juma lililopita Sefu akaniletea gari lake nilitengeneze kwa mashindano. "Nani mwingine ameurithi mkono wa marehemu?" akasema. Nikaingia uvunguni. Nikayaona matundu ya shokomzoba yaliyochongwa kwa tupa, yale yale yako.

Kaka, nilishindwa kutoka chini ya gari lile.

Nikaenda Kitomanga, kwenye ile kona ulipofia mashindanoni, yalipo mabaki ya Pijo lako. Shokomzoba zilizomo zimepakwa rangi nyeusi, zinang'aa. Nikakwangua kwa msumari, ikatoka kutu. Sefu alikuwa amechukua zako mpya, akakufungia zake za zamani, zimekufa kabisa. Ndiyo maana gari lilidunda pale konani, likakutupa.

Kulegeza nati moja tu ya gari lake kungetosha kumuua. Spana niliishika. Lakini akifa angeombewa dua, angeliliwa. Mimi nilitaka awe hai, asikie. Nikamtengenezea gari vizuri, nikasubiri siku ya mashindano.

Leo asubuhi, magari yamekwisha pangwa, nikaja na jeki. Nikamwita balozi wa nyumba kumi ashuhudie. Nikazifungua zako kwenye gari lake mbele ya watu wote, nikazilaza mchangani kando ya zile zenye kutu nilizozitoa kwenye Pijo, nikaeleza.

"Zinafanana," Sefu akasema. "Nilikosea."

"Na rangi nayo uliipaka kwa kukosea?"

Baba mzazi wa Sefu, aliyekuja kumshangilia, akageuka akaondoka. Mama yake akajifunika kanga usoni. Nilijua nilipaswa kumwonea huruma yule mama. Sikuweza. Nilimkumbuka wetu.

Polisi wamemchukua. Mama nimemwambia mchana huu. Alilia upya, kisha akasema, "Kumbe mwanangu hakuwa na pupa." Akarudia, akarudia.

Haya, kaka, lala salama. Watu wameanza kuniambia nisamehe, yaliyopita yamepita. Sijasamehe. Nakuahidi, kila siku atakayoitwa mahakamani Lindi nitakuwa nimetangulia kufika, nimekaa benchi la mbele, na hatakuwa na pa kutazama ila usoni mwangu.

Mdogo wako,
Bakari