Vikombe Viwili, Mpira Mmoja

Jumanne, 4 Juni

Mashine ya kahawa imevuja tena. Safari hii maji yalitambaa mezani hadi kwenye waya wa umeme, na binti yangu akayaona. Akachomoa plagi kabla hata ya kunisalimu – si kawaida yake. Akasema Jumapili, baada ya ibada, ataniletea mashine mpya, na hii ya mama yake ataipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamweleza kwamba mama yake aliitumia hadi wiki aliyolazwa. Akajibu kwamba mama hakuwahi kuinywesha meza. Ni kweli. Nikamshukuru.

Nitaitengeneza kabla hajaja.

Jumatano, 5 Juni

Nimetandika magazeti chini ya mashine ili nione maji yanatoka wapi. Tangi la nyuma – kavu. Bomba lake – kavu. Nikawasha, nikasubiri ipate moto, nikabonyeza. Ndipo nikaona: maji yanachuruzika kutoka juu, pale mpini wenye kikapu cha kahawa unapojifunga kwenye kichwa cha mashine. Mezani yanakusanyika tu.

Mashine hii ina midomo miwili, hujaza vikombe viwili kwa pamoja. Kimoja changu, kimoja cha mama watoto. Tangu afariki sijaweza kuizoesha kujaza kimoja. Cha pili hukinywa kikiwa kimepoa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwita fundi majokofu wa mtaani, yule tunayemwita Miwani kwa kuwa huivaa kwenye paji la uso kisha akazunguka akiitafuta. Akainama, akachungulia.

"Shikamoo, mzee. Hii ni ya makumbusho."

Nikaitikia marahaba, nikamwambia kwamba hata mimi ni wa makumbusho lakini bado ninapewa chakula. Akacheka. Akasema humo ndani mna mpira wa duara unaozuia maji. Ukikauka, hauzuii tena.

Kuutoa ilikuwa kazi. Umekakamaa kama gome la mti. Nilichokoa kwa bisibisi huku nikiomba radhi – kwanza kwa mashine, halafu kwa jirani aliyekuja kuuliza kama ninabomoa ukuta. Miwani ameuchukua akatafute mwenzake.

Jumamosi, 8 Juni

Mpira umepatikana. Mweusi, laini. Miwani ameniletea yote miwili, wa zamani na mpya, akaenda zake.

Nimefunga, nimewasha – mpini unagoma kuingia. Nikasukuma, ukaingia nusu, maji ya moto yakaruka hadi kwenye kola ya shati langu. Nilitamka neno ambalo mapadri hawakunifundisha.

Nikampigia Miwani. Akashangaa, aliipima yote miwili, ikalingana. Kisha akauliza, "Mzee, wa zamani uliutupa?"

Nikakiri. Sikuutupa. Niliuosha kwa siki, nikaurudisha mahali pake, halafu nikauweka mpya juu yake.

"Ala! Mzee, umeoa wa pili bila kumwambia wa kwanza?"

Alicheka peke yake. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaanza kuniomba msamaha. Mimi nami nikamwomba msamaha kwa kumsumbua. Tukaombana msamaha mpaka simu ikakatika.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka kanisani bila kusalimiana na mtu. Nitawaomba radhi wiki ijayo. Nimeutoa mpira wa zamani na kuulaza kwenye kisahani. Kwenye pipa la taka – hapana, hilo limenishinda.

Mpini umeingia. Nikajaribu, tone likafuata tone. Nikatafakari. Mimi huufunga taratibu, sikuzoea kulazimisha kitu. Mama watoto aliushika kwa mikono miwili na kuuvuta mpaka umwelekee kifuani. Nimeuvuta hivyo hivyo.

Naandika huku ikipata moto tena. Vikombe viwili viko chini ya midomo. Gazeti jipya, kavu mpaka sasa.

Kengele imelia. Nimesikia boksi zito likitua mlangoni, na binti yangu akipiga hodi.

Sijawahi kumsimamisha mtu mlangoni kwangu. Nimepaza sauti: "Samahani mwanangu, nisubiri kidogo hapo nje."

Akauliza: "Baba, uko salama?"

Nimemjibu kwamba niko salama, na kwamba kikombe kimoja ni chake.

Taa ya mashine imewaka. Nabonyeza.