Swali Ambalo Musyoka Hangeweza Kuuliza

Jumatano. Mutomo imeamka na joto na vumbi. Chai imenishinda.

Leo ilikuwa zamu ya mama yangu kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu.

Usimhukumu mama haraka. Jirani yetu aliibiwa beberu mwekundu, polisi wakazunguka wakiuliza nani alionekana na mbuzi siku ile, na mama akasema ukweli, kwamba alimwona Musyoka akipita na beberu kuelekea sokoni. Hawakumuuliza ni wa rangi gani. Huyo beberu alikuwa wetu, mweupe mwenye kichwa cheusi, na alizaliwa na mbuzi ambaye mama mwenyewe alinipa nilipojifungua. Musyoka alimuuzia mchuuzi wa kupita ambaye hatujamtia machoni tena. Kwa hiyo mtu pekee wa kutuokoa alikuwa shahidi wa upande wa pili.

Tangu kesi ianze nimekalia benchi la nyuma mpaka nikajiona mtaalamu wa watu wa kizimbani. Kuna wanaokuja na makoti ya kuazima, mikono imefunika vidole. Kuna wanaomsalimia hakimu kana kwamba ni shangazi yao aliyetoka Nairobi. Mzee mmoja hujibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Asubuhi ya leo aliletwa mama mmoja aliyeshtakiwa kwa kuuza pombe haramu. Alitabasamu tangu shtaka lilipoanza kusomwa mpaka mwisho. Hakimu akamuuliza kama kuna kichekesho, naye akazidi kutabasamu. Nikamnong'onezea jirani yangu kwenye benchi kwamba huyo ana hatia, amtazame tu uso.

Mimi nina mdomo mwepesi, najijua.

Musyoka wangu nilikuwa nimemwandaa vizuri. Shati nililipiga pasi mpaka akaniuliza kama nataka kuliunguza. Nilimwambia asimame wima, amtazame hakimu machoni, na asijikune shingo, maana akiogopa hujikuna kama mwenye upele. Hatuna wakili, kwa hiyo mashahidi anawauliza yeye mwenyewe. Nilimkaririsha swali moja tu: beberu uliyemwona alikuwa wa rangi gani? Alilirudia jikoni, akalirudia akifunga viatu. Mimi na akili zangu zote, sikuwaza hata kidogo ni nani atakayeulizwa.

Mama akaingia, na Musyoka akaugeuzia mgongo ukumbi mzima.

Msomaji wangu wa mbali, huku kwetu kuna kitu tunaita nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya kati ya mwanamume na mama ya mke wake. Hawatazamani. Hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani kumpisha mwenzake. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama mkwe wakiwa wamekumbatiana, lakini kwetu bado ni kama zamani. Tangu nimeolewa, Musyoka na mama hawajawahi kuongea uso kwa uso. Labda moyoni nilidhani mlango wa mahakama unafuta hayo yote.

Kiongozi wa mashtaka akamwambia mama ajibu anachoulizwa tu. Alimwona nani? Mkwe wake. Akiwa na nini? Beberu. Yuko hapa ndani? Mama akainamisha kichwa na kunyoosha kidevu upande wa dirisha, ambako hakukuwa na mtu. Watu wakacheka. Hakimu, ambaye si wa huku, akauliza kupitia kwa karani anayetafsiri kama kuna mtu amemtisha. Mama akasema hapana, kwa sauti ndogo sana. Ukiwatazama wale wawili, huyu amegeukia ukuta na yule anaongea na sakafu, ungeapa kwamba mwizi amekutana na mtu anayemwogopa. Hata mimi, kama nisingekuwa binti wa mmoja na mke wa mwingine, ningeapa.

Hakimu akamwambia Musyoka sasa ni nafasi yake ya kumuuliza shahidi maswali.

Musyoka akajikuna shingo.

"Sina swali, mheshimiwa."

Niliona jela, nikaona mtoto akiniuliza baba yuko wapi. Nilisimama, nikafungua mdomo, askari akaniashiria nikae la sivyo nitolewe. Nikakaa. Nilimkasirikia Musyoka kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na papo hapo nikamhurumia.

Hakimu hakuandika. Aliweka kalamu chini, akamuuliza kwa nini hamtazami shahidi.

"Siwezi, mheshimiwa. Huyo ni mama ya bibi yangu."

Hakimu akamtazama karani, karani akaitikia kwa kichwa. Basi hakimu akamwambia Musyoka amweleze yeye anachotaka kujua, naye atauliza. Musyoka, bado ameuelekea ukuta, akalitoa lile swali la jikoni, neno kwa neno.

Mama akaiambia sakafu kwamba alikuwa mweupe, kichwa cheusi. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba anamjua, mama yake huyo beberu alitoka kwake. Kiongozi wa mashtaka hakuwa na shahidi mwingine. Baada ya chakula cha mchana hakimu akasema Musyoka hana kesi ya kujibu, aende nyumbani.

Nililia mbele za watu bila aibu.

Nikitoka nilipishana na yule mama wa pombe kwenye ngazi. Alikuwa anatabasamu vilevile huku machozi yakimshuka. Nilitaka kumwomba radhi, lakini hakujua nilimsema. Nilimpa leso yangu tu.

Nje, mama alisimama karibu na lango. Musyoka alisimama upande wa pili, anaangalia barabara. Mimi nikawa katikati, karani wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa.

"Mwambie nimefurahi," mama akasema.

Nikamwambia. Musyoka akasema nimwambie asante. Nikapeleka. Mama akajifunga leso upya kichwani.

"Mwambie siku nyingine aulize."

Sikuwa na haja ya kulipeleka hilo. Musyoka alikuwa tayari anacheka, mabega yakimtikisika, bado ametugeuzia mgongo.

"Mwambie," akasema, akipangusa macho, "hakuna siku nyingine."