Adui wa Kwenye Gemu Amekuwa Mpole, Mchumba Wangu Hataki Kumwona

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kibaoni, hapa Ifakara, naomba unisaidie kabla harusi yangu haijaharibika. Mchumba wangu Ildefonce ana kibanda cha gemu, vijana wanalipa wanacheza kwenye televisheni, na ndiko tulikojuana, maana nilipenda gemu moja ya vita ambayo adui yake ni Jenerali Kravo, katili aliyechoma kijiji cha steringi, yule shujaa unayemchezesha, na kila kaseti mpya ilipofika kutoka Dar tuliicheza sisi kwanza kabla ya wateja. Kaseti ya kwanza Kravo hana huruma hata chembe, ya pili akamwacha mateka mmoja akimbie, na hii ya tatu iliyokuja mwaka huu amezeeka, amevua magwanda, anamfungulia steringi njia na kumwomba radhi. Mimi machozi yalinitoka, lakini Ildefonce alizima mashine akasema, "Wamemharibu. Mtu wa namna ile habadiliki," na kaseti akaiuza siku ileile.

Nikadhani ni mambo ya gemu tu, kumbe wiki hiyo baba yake, Mzee Stanislaus, aliyekuwa akimpiga mama yao na kisha akawatelekeza wote Malinyi, ambako mama anaishi hadi leo, alikuwa amejitokeza hapa Ifakara. Mzee alikuja nyumbani kwetu kwa adabu, akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa mtu mbaya. Niombee ruhusa nije kanisani siku ya harusi yenu, hata nikikaa nyuma." Nilipomfikishia Ildefonce, akanijibu taratibu, "Akiingia yeye, mimi natoka." Mshauri, mzee namwona amelainika kweli, na sasa naogopa kuolewa na mtu asiyejua kusamehe. Nifanyeje?

Levina, Ifakara

Marahaba, Levina. Nakuonea huruma, lakini nitakugomba kidogo.

Kravo amelainika kwa sababu watu waliomtengeneza walikaa wakaamua hivyo, na kijiji alichokichoma hakikuwa na mtu wa kweli. Mama yake Ildefonce yupo, na katika barua yako yote hukueleza yeye anasemaje. Wewe umemwona mzee siku moja, akiongea vizuri. Mchumba wako alimwona miaka ambayo wewe hukuwepo. Usimwite mtu asiyejua kusamehe kwa kuwa tu hajawa tayari kwa wakati unaoutaka wewe.

Sisemi mzee anadanganya. Watu hubadilika, nimewaona. Ila aliyebadilika huanza kwa yule aliyemuumiza zaidi, haanzi kwa binti mpole aliyemfahamu jana.

Kwa hiyo mwambie Ildefonce kwamba hutamsemea tena baba yake, halafu unyamaze kweli. Mzee naye mwambie kwa heshima apande gari aende Malinyi na mtu mzima wa ukoo, akaseme na mama yao bila kutaja harusi. Mama akimpokea, mwacheni mama mwenyewe azungumze na mwanawe. Akimfukuza, mzee avumilie, asitume mtu mwingine. Ndoa ifungwe tarehe mliyopanga, awepo asiwepo.

Na wewe, kabla ya siku hiyo, nenda ukamsalimie mama mkwe wako. Kaa naye jikoni, msaidie kupepeta mchele, usikilize atakachokueleza. Usimuulize kama amesamehe.