Mzizi Uliogundishwa Shingo

Mpendwa mshauri Shangazi Qiu, naomba unisaidie mawazo maana nimekwama.

Mimi ni kibarua kwenye mashamba ya jinseng, ule mzizi wa dawa ya kuongeza nguvu, hapa Fusong, kaskazini mwa China, kwetu ni Guizhou, kusini, mbali sana, na mama yangu akipanda ngazi kidogo tu anahema, kwa hiyo mwaka jana nilimtumia mzizi mzuri wa shambani, lakini kaka yangu Changgui akauweka mezani mbele ya wajomba akasema, "Oneni, hauna shingo! Bwana mdogo anaishi kwenye milima ya jinseng, halafu anamtumia mama figili," maana mzizi wa porini hukua polepole ukafanya shingo ndefu yenye makovu, na wa shambani hauna, basi wote wakacheka.

Halafu Daktari Piao wa taasisi ya utafiti akaja kuchukua mizizi ya porini na ya shambani ili akaipime kemikali kwa mashine, mimi ndiye niliyembebea vikapu, na majibu yalipotoka nikamuuliza, akasema, "Bwana Wei, viambata vingi ni vilevile, vichache tu vimezidi kwenye ule wa porini." Nikampigia kaka kumweleza, akanijibu, "Kwani hiyo mashine imezaliwa na mama?"

Wa porini siuwezi kwa mshahara wangu, na kuuchimba kumekatazwa, sasa mzee Song, mchuuzi wa mizizi, ameniambia, "Acha ujinga, kijana, nakugundishia shingo ya porini kwenye mzizi wako, hata mjomba mwenye miwani hashtuki," na ameshaigundisha, mzizi uko hapa kitandani, umefungwa uzi mwekundu kabisa, kama wanavyofungwa wa porini. Niutume?

Wei Changfu, Fusong

*

Changfu,

Usiutume. Pole kwa kuchekwa, kaka yako hana adabu. Lakini wewe unataka kumnyamazisha kaka kwa kupitia tumbo la mama. Ataukatakata huo mzizi, atautia kwenye supu ya kuku, na gundi ataimeza. Ulilifikiria hilo? Hukulifikiria, ulikuwa unawafikiria wajomba.

Na Daktari Piao umemwelewa nusu. Amepima mizizi, mama yako hajampima. Mtu anayehema kwenye ngazi anatakiwa asikilizwe moyo na mapafu, na kama anameza vidonge vya presha, jinseng inaweza kumdhuru, iwe ya porini au ya shambani.

Mrudishie Song shingo yake leo. Mpigie Changgui, usigombane naye, mwambie ampeleke mama hospitali wiki hii na wamuulize daktari kuhusu jinseng. Daktari akiruhusu, tuma wa shambani, na useme waziwazi kuwa ni wa shambani.

Jambo la mwisho. Katika barua yako amesema kaka, amesema Song, amesema daktari. Mama hajasema neno hata moja. Hujui kama ule mzizi wa kwanza aliutumia, wala kama ulimsaidia. Mpigie yeye mwenyewe, muulize anajisikiaje, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.