Dubu wa Bi. Stensrud na Nguzo ya Kaskazini

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA BIRCH FORK, MINNESOTA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Marlys Haugdahl
Umri: Miaka 64
Kazi: Mpishi mstaafu wa shule
Makazi: Mji wa Velden, North Dakota
Tarehe: Jumamosi, 14 Julai 2018
Muda wa kuanza: Saa 8:50 mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu na kwa miguu yangu. Hakuna aliyeniita. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa.

Nimeolewa na Orrin Haugdahl, miaka 68, kwa miaka arobaini na mmoja sasa. Tangu watoto wetu wahame, kila mwezi wa Julai tunafunga tela ya kulala nyuma ya gari na kuzunguka kuangalia vitu vya kando ya barabara. Watu wengine huenda Florida. Sisi huenda kuona kuku wa bati mwenye urefu wa ghorofa mbili, hifadhi ndogo za mikoani, na bustani za wanyama zinazoendeshwa na familia moja. Orrin ndiye anayezitafuta kwenye ramani, na kila tulikofika huweka alama kwa kalamu nyekundu. Naomba hilo liandikwe, kwa sababu mume wangu si mtu mbaya na anayapenda maeneo hayo kuliko mimi.

Mnamo tarehe ya leo, saa nne na dakika tano asubuhi, tulifika kwa Bi. Verla Stensrud, kilomita sita kaskazini ya mji huu. Mbele, kando ya barabara, kuna samaki wa zege ambaye mdomo wake uko wazi na watoto huingia ndani. Nyuma yake kuna mbweha, kulungu, bundi wawili na dubu mweusi jike anayeitwa Pansy. Bi. Stensrud, ambaye alituambia ana miaka sabini na mmoja, alikuwa peke yake kazini.

Alitutembeza mwenyewe. Pansy aliletwa kwake akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia, baada ya mama yake kugongwa na lori. Sasa ana miaka ishirini na saba na jicho moja limepofuka. Bi. Stensrud hupitia upande wa jicho zima kila mara, hata akiwa na haraka, na huanza kuongea kabla hajafika ili mnyama asishtuke. Alikuwa akimsimulia dubu habari za kawaida tu, kwamba bundi mmoja hataki kula na kwamba bomba la maji linavuja. Nimepikia watoto mia tatu kila siku kwa miaka ishirini na saba, na mtu anayeijua kazi yake namtambua. Vyombo vya maji vilikuwa safi. Banda halikunuka. Nimeona bustani kubwa zenye mageti ya kifahari ambazo haziwezi kusema hivyo.

Saa tano na robo mume wangu alitaka tuondoke. Kibao kwenye njia ya pembeni kilisema matela yasipite hapo. Nilimsomea kwa sauti. Aliniambia, "Marlys, mimi nimekokota matela tangu wewe hujui hata kushika usukani." Aliingia njia ile ili apige rivasi. Mimi nilishuka nikasimama nyuma kumwelekeza kwa mkono.

Nilimwambia simama mara mbili. Mwanzoni nilimwambia afisa anayeniandika kwamba mume wangu hakunisikia. Naomba hilo lifutwe. Alinisikia. Kioo cha dirisha lake kilikuwa kimeshushwa na alinipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi.

Kona ya kulia ya tela iligonga nguzo ya uzio wa Pansy upande wa kaskazini. Nguzo ililala na waya ukashuka hadi kwenye magoti yangu. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na mbili, nilitazama saa. Orrin alisogeza gari mbele, akashuka, akaangalia tela, akasema hakuna kitu, twende. Nilimwambia siendi popote. Nilikimbia kumtafuta Bi. Stensrud, ambaye alikuwa kwenye banda la bundi.

Tuliporudi, Pansy alikuwa ameshatoka. Alikuwa anatembea polepole kuelekea kwenye samaki.

Kulikuwa na familia moja tu nyingine, akina Pruitt kutoka Iowa, baba na mama na mabinti watatu. Bi. Stensrud hakupiga kelele. Alimwambia yule baba awabebe watoto, atembee, asikimbie, aingie katika duka la bustani na afunge mlango. Mama alisema, "Josie yumo ndani ya samaki." Josie ana miaka minne. Dubu alikuwa kati yetu na yeye, hatua kama kumi kutoka mdomoni mwa samaki.

Bi. Stensrud alichukua ndoo yake ya tufaha na mikate ya asali, akazunguka kwa mbali mpaka upande wa jicho zima. Alimsemesha mtoto kwanza. Alisema, "Josie, kaa hapo hapo mpenzi. Samaki huyo hajawahi kummeza mtu." Kisha akaketi chini kwenye nyasi, katikati ya dubu na samaki, akapanua miguu kama mtoto anayecheza mchangani, akaanza kumweleza Pansy kuhusu lile bomba linalovuja. Nilikuwa mbali kama upana wa barabara na nilisikia kila neno. Sauti yake ilikuwa ileile ya asubuhi.

Dubu alisimama. Alinusa hewa kwa muda mrefu. Kisha akageuka akamwendea.

Saa tano na dakika arobaini na moja aliwasili Afisa Kyle Brandvold, ambaye aliitwa na Bw. Pruitt kwa simu. Alishuka na bunduki na kumwamuru Bi. Stensrud aondoke mbele ya mnyama. Bi. Stensrud hakugeuza kichwa. Nimeambiwa kwamba jambo hili limeandikwa kuwa ni kumzuia afisa kufanya kazi yake, kwa hiyo nataja maneno yake kama yalivyokuwa. Alisema, "Kyle, mwanangu, nikiinuka sasa atashtuka, na nyuma yangu kuna mtoto. Nipe dakika kumi. Wewe mwenyewe ulishamlisha huyu zabibu ukiwa darasa la pili."

Afisa alisema, "Bi. Verla, dakika kumi ni nyingi."

Yeye akasema, "Basi nipe tano, halafu tutaona."

Afisa alielekeza mtutu chini. Alikuwa anatokwa jasho. Sidhani kama Bi. Stensrud alimzuia kazi. Kwa nilivyoona mimi, wale wawili walifanya kazi moja, na kijana yule alihitaji moyo mkubwa kusimama bila kufanya kitu.

Bi. Stensrud alimpa dubu mkate mmoja, akaacha amalize kutafuna, ndipo akainuka polepole kwa goti moja baada ya jingine. Magoti yake ni mabovu, nilimwona akikunja uso. Alianza kutembea bila kutazama nyuma, akiangusha tufaha moja kila baada ya hatua chache. Pansy alimfuata hatua zote themanini hadi kwenye banda la majira ya baridi lenye mlango wa chuma. Aliingia naye, akatokea mlango mdogo wa nyuma, na milango yote miwili ikafungwa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili.

Alipomaliza aliigeuza ndoo akaikalia. Nilimshika mkono mmoja. Josie alitolewa akiwa mzima na akauliza kama dubu ameshiba.

Baada ya hapo Afisa Brandvold alituuliza sote uzio ulivunjikaje. Mume wangu alisema tuliukuta umelala tulipofika. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake na nilinyamaza. Bi. Stensrud alitutazama tu. Uongo huo ni kosa langu kama lilivyo la mume wangu, na sitaki lipunguzwe.

Saa saba tulikaa kula mjini. Mwanamke aliyetuletea supu alisema baraza la kaunti litakutana Jumanne, na kama uzio ulikuwa mbovu, bustani itafungwa na dubu atauawa, kwa kuwa kwa umri wake hakuna atakayempokea. Niliweka kijiko chini. Nilimwambia Orrin nakwenda kwa sherifu. Alisema, "Ukiingia humo, unaingia peke yako." Nikamwambia, "Sawa, nitaingia peke yangu."

Kwa ushahidi: tela yetu ni ya buluu na hapakuwa na gari jingine la buluu. Rangi imebaki kwenye nguzo, usawa wa kiuno changu. Nguzo yenyewe haikuwa imeoza, mbao yake ya ndani ni nyeupe na kavu. Nendeni mkaione kabla mvua haijanyesha.

Niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio ndiyo haya. Nimesomewa yote na sina la kuongeza, ila kwamba katika safari zetu zote sijaona kitu cha kushangaza kuliko yule mama akiwa ameketi kwenye nyasi.

Sahihi ya shahidi: M. Haugdahl

MAANDISHI YA AFISA: Maelezo haya yameandikwa nami, Naibu Sherifu Renae Ostby, na kukamilika saa 10:05 jioni. Saa 10:10, kabla shahidi hajaondoka, Bw. Orrin Haugdahl ameingia ofisini kofia ikiwa mkononi. Ameomba maelezo yake ya mchana yafutwe na aandikiwe mapya. Nimemuuliza kama angependa mkewe atoke nje kwanza. Amesema abaki.