Babu Husubiri Masaa Sita, Mimi Nikasema Moja

Shangazi Frumet, shikamoo. Mama yangu hukusoma wewe kwanza, kabla hata ya ukurasa wa matangazo ya vifo, kwa hiyo nakuomba usitaje jina langu, na ukiweza ubadilishe na majina ya wengine wote, ingawa nikishaeleza yote sijui kama kubadilisha majina kutasaidia.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na sita, nasoma Melbourne kwenye shule ya lugha mbili, Kiebrania asubuhi na Kiingereza mchana, na katika lugha zote mbili huwa nanyamaza. Si kwamba sina la kusema, ninayo mengi, ila yakifika mdomoni yanaona aibu na kurudi ndani, na ndiyo maana nimejishangaa kwamba safari hii neno limenitoka bila hata kubisha hodi, na neno lenyewe likawa uongo.

Kila likizo ya joto tunakwenda Queensland, siku chache mjini Brisbane kisha ufukweni Gold Coast, na sisi tukisafiri majirani hudhani tunahama kabisa, kwa sababu sisi Wayahudi hatuchanganyi nyama na maziwa, hivyo Mama hubeba sanduku la sufuria za nyama na sanduku lingine la sufuria za maziwa, visu vya huku na vijiko vya kule, na Baba akiingia tu kwenye nyumba ya kupanga, hata bahari hajaitazama, huanza kulitakasa jiko la watu kwa maji yanayochemka na kufunika kila kitu kwa karatasi za alumini mpaka jikoni kunang'aa kama ndani ya roketi. Babu Mendel, baba yake Mama, hukaa kitini na kusimamia. "Pale kwenye kona umeruka, mkwe wangu. Au kona hailiwi?"

Babu alizaliwa Poland, na kwao mtu akila nyama husubiri masaa sita ndipo aguse maziwa. Si matano na nusu. Tulipokuwa Brisbane tulikaa kando ya mto tunakula kuku wa kukaanga, akaja yule ndege mweupe wa mapipani, mwenye mdomo kama koleo, akampokonya Babu paja lake mkononi. Sisi tukapiga kelele. Babu akatazama saa yake, akamwambia yule ndege, "Haya, na wewe sasa maziwa mpaka saa mbili usiku!"

Tulicheka mpaka basi. Lakini jioni ile Tirza, mdogo wangu wa miaka tisa, akamuuliza kwa nini masaa yote hayo, na Babu akajibu kama mtu anayetaja bei ya viazi: "Baba yangu hakuniachia nyumba, hakuniachia picha. Aliniachia masaa sita. Mimi ni nani niyapunguze?" Kisha akaomba chai ya rangi.

Sasa tukafika Gold Coast. Kwenye bustani za ufukweni kuna majiko ya umma ya kuchomea nyama, unabonyeza kitufe linapata moto, na kila mtu huchoma chake hapo hapo, nguruwe, kamba, chochote. Baba akalifunika letu kwa tabaka mbili za alumini, na alipoinua kichwa akaona kwenye jiko la pili baba mwingine naye analivisha jiko lake kama bibi harusi. Hawakusalimiana. Walitazamana, wakatazama alumini, kisha Baba akauliza, "Tabaka mbili?" Yule akajibu, "Mbili. Mke wangu anataka tatu." Basi, wakawa marafiki. Nchi hii ina mamilioni ya watu, Shangazi, na hivyo ndivyo sisi tunavyotambuana.

Ilikuwa familia ya Van Gelder kutoka Sydney, na wana binti wa umri wangu anaitwa Hadassa, mwenye chunusi moja kubwa puani ambayo haimsumbui hata kidogo, na mimi nilipoona kuna binadamu ambaye chunusi haimsumbui nikajua nimekwisha.

Tukala soseji za ng'ombe, wazee wakasinzia kivulini, Hadassa akawa anaongea nami naitikia kwa kichwa, na hata sikuona muda ulivyokwenda mpaka alipotazama simu yake akasimama na kukung'uta mchanga.

"Twende. Lisaa limepita. Pale kuna aiskrimu, nimeshaangalia, rabi ameipitisha."

"Sasa hivi?"

"Sisi Waholanzi bwana, tukila nyama ni lisaa limoja tu, tangu mababu. Nyinyi je? Usiniambie nyinyi ni wale wa masaa sita, wa kukaa mnatazama aiskrimu kama paka nje ya bucha lililofungwa!"

Shangazi, ningeweza kusema ndiyo. Ni neno fupi. Nikasema, "Hapana, hata sisi ni Waholanzi."

Nikaila. Nilitegemea angalau tumbo liniume, halikuniuma, ilikuwa tamu na hilo ndilo lililonitisha, na kesho yake tukaenda tena, na keshokutwa, kila siku baada ya nyama ya mchana mimi Mholanzi ufukweni na Mpoland nyumbani, nikirudi nasukutua maji ya bahari ili nisinuke vanila. Tirza ameshaniona. Kila tukikaa mezani anatazama saa ya ukutani na kuramba midomo taratibu. Ametaka kitanda changu cha dirishani, nimempa.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa aiskrimu tu. Lakini Hadassa akaniuliza, "Jina lenu la Grinblat ni la Kiholanzi kweli?" na mimi, ambaye darasani nikiulizwa tarehe ya leo nakosa sauti, nikasema bila hata kumeza mate, "Upande wa Mama. Babu yangu ni mtu wa Amsterdam."

Kumbe Hadassa ana bibi, Bibi Klaartje, ambaye nilikuwa namwona tu barazani kwao amefunika magoti. Alizaliwa Amsterdam, wakati wa vita akiwa mchanga akafichwa kwa watu wa shamba, na waliomzaa hawakurudi. Alichonacho ni picha moja, mwanamke amesimama mlangoni amembeba mtoto, juu ya mlango kuna namba ya nyumba, lakini mtaa haujulikani. Maisha yake yote kila akikutana na mtu wa Amsterdam wa rika lake huitoa ile picha na kumuuliza kama anaujua mlango ule. Siku hizi wa rika lake hawapatikani tena. Hadassa alinieleza hayo yote huku anaramba aiskrimu yake, kisha akasema kwa furaha, "Nimemwambia habari za babu yako. Bibi amekwenda kutengenezwa nywele."

Amekwenda kutengenezwa nywele, Shangazi. Kwa ajili ya babu yangu, ambaye Amsterdam ameiona kwenye kopo la kakao.

Sasa wametualika sote chakula cha mchana cha Sabato, Jumamosi hii inayokuja. Kutakuwa na nyama, na lisaa limoja baadaye kahawa ya maziwa na keki ya krimu, maana Bibi Klaartje anasema amechoka kula keki peke yake huku wageni wanatazama saa, hatimaye amepata watu wanaoelewa. Wazazi wangu wamekubali, hawajui lolote. Babu naye akasema, "Waholanzi? Sina neno nao, watu wazuri. Sijui tu wanakimbilia wapi."

Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Nimefikiria kumwomba Babu awe Mholanzi alasiri moja tu. Nimefikiria pia kumwandikia Hadassa ujumbe wa kueleza yote tukisharudi Melbourne, tukiwa mbali. Naomba unichagulie mojawapo, na kama kuna ya nne ambayo sitalazimika kufungua mdomo, hiyo ndiyo naipenda zaidi.

Ni mimi, Mnyamavu wa Ufukweni

SHANGAZI FRUMET ANAJIBU

Mnyamavu, marahaba. Pole, mwanangu. Sasa kaa vizuri.

Tuanze na aiskrimu, maana naona ndiyo uliyoipa kurasa nyingi. Mimi si rabi. Ukirudi nyumbani muulize rabi wenu, atakuambia la kufanya, na Mwenyezi Mungu ana subira kuliko hata babu yako. Lisaa limoja la Waholanzi si uhuni, ni desturi waliyoachiwa na baba zao, kama nyinyi mlivyoachiwa sita. Kwa hiyo usijione umekula sumu. Umekula urithi wa mtu mwingine, na wako ukauacha mchangani kama kandambili.

Lakini aiskrimu imeshayeyuka. Nywele za yule bibi bado zimesimama.

Ungemwambia binti wa watu kwamba babu yako ni rubani, au tajiri, au bingwa wa kuogelea, ningekucheka nikakuacha. Wewe kati ya miji yote duniani ukachagua ule mmoja ambao bibi mzee ameutafuta tangu hajaota meno. Najua hukujua. Ulipojua, ulifanya nini? Ulimaliza aiskrimu yako. Mimi nasoma barua, mwanangu, pamoja na yale ambayo hayakuandikwa.

Njia zako tatu nimezitazama. Ukijifanya mgonjwa, mama yako atakuletea supu na madaktari wawili, na Bibi Klaartje atakuja kukupa pole, picha ikiwa mkobani. Ukimwandikia Hadassa ukiwa Melbourne, utakuwa umemwachia yeye kazi ya kumtazama bibi yake usoni. Na ile ya kumwomba mzee aliyeyatunza masaa sita tangu utoto ayaweke kando alasiri moja ili mjukuu wake apendwe na msichana mwenye chunusi, hiyo sitakujibu. Hiyo irudie kuisoma wewe mwenyewe kwa sauti.

Ya nne ipo. Ina mdomo.

Anza na Hadassa, leo, ana kwa ana. Sentensi yenyewe ni fupi: nilikudanganya, sisi ni wa masaa sita, babu yangu ni mtu wa Poland. Ikikushinda kwa Kiingereza iseme kwa Kiebrania, shule mmelipia. Anaweza kucheka. Anaweza kukasirika asikuongeleshe tena mpaka likizo iishe, na atakuwa na haki, hapo siahidi kitu.

Kisha, kabla jua halijatua, nenda kwa bibi yake. Wewe, si Hadassa akusemee. Usiseme ulichanganya, usiseme ulisikia vibaya, usimlaumu babu yako. Sema hatuna mtu wa Amsterdam, nilisema uongo. Halafu unyamaze, kazi unayoijua, na uutazame uso wake utakavyobadilika. Adhabu kali kuliko hiyo sina. Ila usikimbie. Kaa hapo barazani, na akikuruhusu, mwombe akuonyeshe ile picha. Hujui mlango ule, mimi pia siujui, lakini mwanamke aliyesimama pale hajatazamwa na mtu mpya siku nyingi.

Babu yako naye mwambie usiku huo huo, kabla Tirza hajapandisha dau. Kitanda cha dirishani usikidai tena, mtoto amekifanyia kazi.

Na chakula cha Jumamosi, wakiwa bado wanawataka, nendeni. Mmoja ana picha ila hana mtaa, mwingine hana hata picha ila ana masaa yake sita. Wawekeni meza moja muwaache wagombane: yule anakunywa kahawa ya maziwa, huyu anatazama saa, yule anamwambia "utakufa na kiu," huyu anamwambia "na wewe utakufa na haraka." Nimeona watu wakifarijiana kwa njia mbaya kuliko hiyo. Wewe siku hiyo utakaa upande wa babu yako, na keki utaitazama kama paka nje ya bucha, mpaka masaa yenu yatimie. Hadassa akikuwekea kipande, utajua. Asipokuwekea, utajua pia.

Jambo la mwisho. Uliniomba nibadilishe majina, nimeyabadilisha yote. Lakini niambie wewe, msimu huu Queensland yote kuna babu wangapi wa Kipoland walionyang'anywa paja la kuku na ndege wakampangia saa ya maziwa? Kisa hicho kimeshanifikia kutoka kwa watu watatu kabla ya barua yako. Mama yako, umesema mwenyewe, huanza na ukurasa huu. Na yule bibi wa barazani tumeandikiana miaka mingi. Ni msomaji wangu tangu wewe hujazaliwa, na hakosi toleo hata akiwa likizo.

Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwanza kwenye barua pepe yako, leo Jumatatu. Gazeti litakuwa madukani Alhamisi asubuhi. Ukoo wenu kusubiri mnakujua, hilo halina ubishi. Safari hii, mwanangu, usisubiri hata lile lisaa la Waholanzi.