Shikamoo Ndani ya Kikapu

Jumamosi, 6 Juni

Mabiringanya tena. Manane kwa kila kikapu!

Vikapu thelathini na vinane vilipangwa kwenye banda la gari letu. Gari hatuna. Baba alijenga banda kwanza ili gari likija likute pa kulala. Halikuja, vikapu vya Shangazi ndivyo vilivyokuja.

Mwanachama mmoja alilalamika. Shangazi akamweleza, kwa mara ya tatu msimu huu, kwamba wanalipia msimu mzima mwanzoni, kisha kila Jumamosi wanachukua kile shamba lilichotoa. Likitoa mabiringanya, wanakula mabiringanya. Yule akauliza, na lisipotoa kitu? "Tutakula hewa pamoja," akasema Shangazi. Hakuwa anatania. Shangazi huwa hatanii.

Kwenye kona kuna kreti la kubadilishana. Usichokitaka unaacha, unachokitaka unachukua. Tulipofunga lilikuwa na mabiringanya zaidi ya mia na karoti moja. Karoti yenyewe imevunjika.

Kazi yangu ni kukaa mezani na kutia alama kwenye majina. Inanifaa, maana haihitaji mdomo. Lakini leo alikuja Fundi Saa, yule mzee mwenye kibanda cha kutengeneza saa karibu na shule yetu. Nikamwamkia. Naapa nilimwamkia! Hakusikia. Akasimama anasubiri shikamoo, mimi nasubiri marahaba, tukabaki tunatazamana kama sanamu mbili. Mama akatokea: "Mzee wangu, umsamehe, huyu mtoto sijui adabu ameiacha wapi."

Adabu ninayo. Sauti ndiyo sina.

Jumapili, 7 Juni

Shangazi amekuja na sura ya kikao. Wakati mabuu yanamaliza kabichi zake alikuwa mchangamfu kuliko leo. Mwenye eneo analokodi Shangazi anataka jibu mwisho wa Julai. Wanachama wa msimu ujao wakifika arobaini, shamba linaendelea. Wasipofika, Shangazi anarudi kushona mapazia. Alishona mapazia miaka kumi na mmoja. Anasema pazia ni kitu ambacho hata ukilimwagilia halikui.

Mama akasema kwa upole kwamba labda watu hawachukii mabiringanya, wanachukia zile karatasi. (Kila kikapu kina karatasi ya maelezo.) Ya jana ninayo hapa. Nainakili kama alivyoiandika Shangazi:

"Mabiringanya 8. Figili. Kabichi ina matundu, wadudu nao wanakula. Msilalamike."

Wote wakageuka kunitazama mimi.

"Utaandika wewe," akasema Shangazi. "Kunyamaza umeshafuzu."

Alhamisi, 11 Juni

Rasimu ya kwanza: "Ndugu mwanachama, kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kukujulisha kuhusu biringanya." Shangazi akauliza kama ninaomba kazi.

Rasimu ya pili ilikuwa na historia ya biringanya, ukurasa na nusu. Hiyo hakumaliza kuisoma.

Tatizo ni hili. Wanachama wote ni watu wazima. Mwalimu wa Kemia ni mwanachama! Mtoto wa miaka kumi na sita, ambaye hajawahi kukaanga biringanya, atamwambiaje Mwalimu wa Kemia jinsi ya kukaanga? Hayo ni maneno ya bibi. Bibi anaweza kumwambia mtu yeyote jambo lolote.

Basi nikaandika kama bibi. Sikupanga! Mkono ulikimbia wenyewe:

"Wajukuu zangu, mimi Bibi wa Shamba nina miaka sabini na minane na goti moja zima. Wiki hii tena mabiringanya. Najua. Nimewasikia. Marehemu mume wangu alilikataa biringanya miaka arobaini. Mwaka wa arobaini na moja akadokoa kipande jikoni akidhani ni nyama, na tangu siku hiyo tukawa tunagombania sufuria. Kateni vipande vyembamba kama kidole. Tieni chumvi, viacheni vitoe maji huku mkisengenyana kidogo, kisha futeni, kaangeni, na msihame jikoni."

Hiyo "msihame jikoni" ndiyo sehemu pekee niliyoijaribu mwenyewe. Nilihama. Sufuria ya Mama bado imelowekwa.

Shangazi alisoma amesimama. Akasoma tena amekaa. "Huyu bibi ni nani?" Nikasema hayupo. "Afadhali," akasema, "maana angetaka kulishwa." Akaenda kutoa nakala.

Jumamosi, 13 Juni

Wamecheka! Mama Mapacha alisomea karatasi pale pale bandani, kikapu kwenye nyonga, pacha mmoja mgongoni, na akacheka mpaka pacha akaamka. Mwalimu wa Kemia alisema huyu bibi anajua kazi ya chumvi kuliko kidato cha nne kizima. Mimi ni kidato cha nne. Nikainamia majina yangu.

Kwenye kreti yamebaki mabiringanya tisa. Ile karoti bado ipo.

Jumamosi, 20 Juni

Wanachama hurudisha vikapu vitupu. Katika kimoja leo nimekuta bahasha. "Kwa Bibi wa Shamba." Mwandiko mdogo, kila herufi imekaa mahali pake.

"Shikamoo Bibi. Mimi ni mtengeneza saa, umri miaka sabini na mmoja. Nilikaanga kama ulivyoelekeza. Nilikula nimesimama kwa sababu kukaa kungenichelewesha. Goti lako linaendeleaje?"

Shikamoo Bibi.

Fundi Saa! Ameniamkia mimi! Nimefunga mlango wa chumba nikakaa chini sakafuni.

Jumatatu, 22 Juni

Nimemwonyesha Shangazi. Akasema mteja akiandika hujibiwa. Nikamwambia si kujibu tu, ameamkia, na ameamkia juu kwenda chini, yaani chini kwenda juu, yaani dunia imepinduka! Shangazi alikuwa anafunga mafungu ya spinachi. "Kwani ukimwitikia atapungua nini?"

Nimejaribu kuandika bila kuitikia. Haiwezekani. Barua ya bibi isiyo na marahaba ni barua ya bibi mwenye kiburi, na Bibi hana kiburi, namjua. Nikaandika. "Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Miaka sabini na mmoja!

Peni ilitetemeka. Angalau imefanana na mkono wa kizee.

Jumamosi, 27 Juni

Mambo mawili, moja la kuchekesha na moja si la kuchekesha.

La kuchekesha: wiki mbili zilizopita Bibi aliumwa goti la kushoto, wiki iliyopita nikaandika la kulia. Mwalimu wa Kemia ameweka karatasi hizo mbili sambamba juu ya meza yangu na kuuliza, mbele ya foleni, ni lipi. Nikaanza kunoa penseli. Mama Mapacha akaniokoa bila kujua: "Mwalimu, umri ule magoti yanapokezana!" Kabla hatujafunga amerudi na dawa ya kuchua ya Bibi, chupa mbili.

Lisilo la kuchekesha ni barua ya Fundi Saa. "Shikamoo Bibi. Nikwambie jambo la kijinga. Tangu dada yangu mkubwa alipofariki, miaka sita sasa, sina wa kumwamkia. Mtaa mzima mimi ndiye mkubwa. Asubuhi mpaka jioni, marahaba, marahaba, kama saa ya ukutani. Kukuandikia shikamoo kunanirudisha udogoni. Jumamosi natembea haraka."

Sikuweza kula. (Ilikuwa biringanya, lakini si kwa sababu hiyo.)

Jumamosi, 4 Julai

Amemtumia Bibi saa! Saa ndogo ya mezani, ya kujaza kwa ufunguo. Ameibadilisha uso na kuandika namba kubwa kwa mkono, "kwa ajili ya macho." Inalia tik, halafu inasita kidogo, halafu tak. Anaeleza kwamba kusita huko ni makusudi, ili isimharakishe mtu mzima.

Iko juu ya meza yangu. Inanitazama.

Jumanne, 7 Julai

Leo nimekwenda kukiri. Baada ya shule nikasimama mbele ya kibanda chake. Nilikuwa nimeandika hotuba, mistari kumi na minne, nikaikariri njia nzima. Alikuwa ameinama, kioo kidogo kimebanwa jichoni, amezungukwa na saa zisizokubaliana.

Akainua kichwa. "Aa. Mtoto wa bandani. Yule asiyeamkia."

Hotuba ikayeyuka yote. Nikasema kitu kinachofanana na "shhk".

"Una mafua?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanipa pipi ya tangawizi, akasema kuna bibi mmoja shambani kwa shangazi yangu, nikae karibu naye, nitajifunza kuongea na watu. Bibi yule ana ulimi!

Nimeinyonya ile pipi njia nzima huku nalia. Ilikuwa kali sana pia.

Jumamosi, 11 Julai

Waliojiandikisha msimu ujao: kumi na tisa. Shangazi amehesabu mara mbili. Jumamosi ijayo ni siku ya wanachama shambani: watazunguka matuta, watakunywa chai, watatia sahihi. Kwenye karatasi ya leo, chini ya maneno yangu, Shangazi ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake bila kuniambia:

"Bibi atakuwepo."

Nikamkimbilia. Shangazi, huu ni uongo! Akanitazama kwa utulivu wa mtu anayepalilia.

"Uongo uko wapi? Hutakuwepo?"

Ijumaa, 17 Julai

Siwezi.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Shikamoo. Shikamoo. Hata kioo hakikusikia.

Jumamosi, 18 Julai

Naandika nyuma ya karatasi za Bibi zilizobaki. Niko stoo ya shamba, nimekaa juu ya gunia la mbolea, mlango nimeubana kwa jembe. Kupitia ufa wa mbao naona karibu kila kitu.

Walikuja watu wengi kuliko vikombe. Asubuhi ilienda vizuri. Nilimimina chai bila kumwagia mtu. Shangazi alionyesha matuta, akasema sentensi nne nzima mfululizo, watu wakapiga makofi. Majina ubaoni yakapanda: ishirini na tano, thelathini, thelathini na manne. Kisha Mama Mapacha akauliza: "Na Bibi?" Wote: Bibi! Bibi yuko wapi? Nikarudi nyuma hatua moja, nyingine, nyingine, mpaka nikakuta stoo.

Ubaoni bado ni thelathini na manne. Kwenye foleni wamebaki watu sita. Sita! Hesabu inatosha kabisa, ila foleni haisogei. Wa mbele ni Fundi Saa. Walimpisha wenyewe kwa sababu ndiye mkubwa wao. Amevaa koti. Amebeba kiti cha kukunja. Kalamu anayo mkononi, kifuniko amekwisha kukitoa, na hatii sahihi!

"Siwezi kumtangulia mkubwa wangu," amesema. "Bibi aanze."

Mwalimu wa Kemia amemwambia, mzee, sisi jua linatupiga. Akamjibu, basi nitangulie wewe. Mwalimu akamtazama, akatazama ubao, akarudi nyuma yake. Nani atamruka mzee wa miaka sabini na mmoja mbele ya watu? Wamekwama! Wote sita wamekwama nyuma ya heshima, na mwenye kuheshimiwa yuko huku juu ya mbolea, na ndiye mdogo kuliko wote shambani, ukiwatoa mapacha.

Shangazi anatazama mlango wa stoo. Ameshika kona ya aproni yake na anaikunja upindo, anaikunja, kama pazia.

Fundi Saa anakuja! Amesimama upande wa pili wa mbao. Ameinamisha kichwa.

"Yumo," anawaambia. "Naisikia saa yangu."

Iko kwenye mkoba wangu. Tik. Tak. Niliibeba nimrudishie.

Amekunjua kiti. Amekaa. "Bibi," anasema, taratibu, "usihangaike na goti. Mimi nasubiri. Kazi yangu ni saa, nina muda."

Kisha anasema: "Shikamoo Bibi."

Kwa mdomo. Kwa sauti kamili.

Siwezi kuitikia hii. Kwenye karatasi niliweza. Hii siwezi. Shikamoo zote alizoniandikia nilizipokea, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Yangu ndiyo haijawahi kumfikia.

Nimesema. Kidogo. Haikuvuka mbao.

Nimesimama juu ya gunia. Nimevuta pumzi mpaka kwenye magoti, yote mawili.

"SHIKAMOO!"

Kuku wametawanyika. Pacha mmoja ameanza kulia. Kumbe sauti ninayo! Imekuwa wapi miaka yote?

Na Fundi Saa, papo hapo, kabla hajafikiri, kama saa ya ukutani:

"Marahaba."

Nafikiri ndiyo kwanza inamfikia. Namwona kwa ufa: mdomo wazi kidogo, kalamu hewani. Hajacheka. Hajakasirika pia. Anatazama mlango kama anavyotazama saa iliyofunguliwa mgongo.

Kiti kimelia. Ameinuka.

Jembe linatikisika, na mimi bado nimeshika penseli